UZI: Bagamoyo ya waliobeba mizigo

Mwana wa Dunda (mleta uzi):

Wakuu, habari za jioni. Wazee wangu mliomo humu, shikamooni.

Nimezaliwa Dunda, Bagamoyo, hatua chache kutoka pwani, na babu mzaa baba alikuwa fundi mashua. Tangu nikiwa mdogo nasikia mji wetu ukisimuliwa kwa majina ya wasafiri wa Kizungu waliokaa hapa wiki mbili, mwezi, wakaenda zao. Burton na Speke walianzia safari Kaole mwaka 1857. Stanley aliondoka hapa Machi 1871 kwenda kumtafuta Livingstone. Emin Pasha alianguka kutoka ghorofani usiku wa karamu, Desemba 1889. Yote kweli. Lakini shehena ya Stanley haikujipeleka Ujiji. Ilikuwa na watu walioibeba, mabegani na vichwani, na mji huu ulijengwa kwa jasho la watu hao, ukala kwa ajili yao, na maneno yao tunayasema kila siku bila kujua yametoka wapi. Uzi huu ni wa kwao. Nitaandika kwa mafungu kadiri ninavyopata nafasi. Mwenye nyongeza aweke, mwenye kunisahihisha anisahihishe.

Nianze na mahali penyewe, maana usipoielewa pwani yetu hutaelewa kwa nini mambo yalitokea hapa na si kwingine.

Bagamoyo iko kama kilomita 70 kaskazini ya Dar es Salaam. Ng'ambo yetu ni Unguja, safari ya upepo mmoja mzuri. Kaskazini ya mji ndiko Mto Ruvu unakoingia baharini, ule ambao vitabu vya zamani vinauita Kingani. Wakazi wa Dar mnaokunywa maji ya Ruvu Chini mjue mnakunywa mto wa Bagamoyo. Kusini kuna Kaole, Mbegani, Mlingotini.

Bahari yetu ni ya kina kifupi. Maji yakipwa unatoka ufukweni na kutembea mpaka uchoke, mguu unazama kidogo kwenye mchanga wenye tope, kaa wadogo wanakukimbia, na mashua zimelala ubavu kama ng'ombe waliocheua wakashiba. Jahazi halihitaji gati. Linaingia na maji kujaa, maji yakitoka linakaa mchangani, watu wanashusha mizigo kwa miguu, maji yakirudi linaelea. Enzi ya tanga, pwani ya namna hii ilikuwa neema tupu. Lilikoharibika ni zama za meli ya moshi, na huko tutafika.

Kabla ya mji huu palikuwa na Kaole, mwendo wa kilomita tano hivi kusini. Pana mabaki ya msikiti wa karne ya 13, makaburi yenye nguzo ndefu za mawe, na kisima cha maji baridi yasiyo na chumvi ingawa bahari iko karibu. Vigae vya kauri kutoka China vimechimbuliwa pale. Sasa hivi ukisimama Kaole bahari huioni vizuri, mikoko imesonga mbele ikaziba bandari yote. Biashara ikasogea kaskazini, ndipo Bagamoyo ikapata zamu yake.

Jicho la Chalinze:

Mkuu, nimekaa siti ya mbele. Ila swali moja kabla hujaenda mbali. Jina. Shuleni tulifundishwa ni "bwaga moyo", kwamba mtumwa akifika hapa anajua harudi tena kwao, anauacha moyo wake pwani. Ndivyo?

Mwana wa Dunda:

Nilikuwa nakuja huko, kaka.

Sikiliza neno lenyewe. Kubwaga ni neno la mtu mwenye mzigo. Tunabwaga gunia, tunabwaga kuni, tunabwaga tita la makuti. Mtu akiingia ndani akasema "acha nibwage kwanza", unajua ametoka mbali na amefika. Sasa mfikirie mpagazi aliyetoka Unyamwezi na pembe begani, karibu miezi mitatu njiani, amepita Ugogo kwenye kiu, amevuka Ruvu, na mbele yake anaona bahari. Akiubwaga mzigo na moyo nao unatua. Wazee wengi wa hapa wanalisimulia jina hivyo, na mimi niko upande wao.

Sisemi utumwa haukuwepo. Ulikuwepo, kwenye mitaa hii hii. Watu waliuzwa hapa wakavushwa kwenda Unguja na Pemba kwenye mashamba ya karafuu, mpaka Sultani Barghash alipotia saini mkataba na Waingereza mwaka 1873 kuzuia watumwa wasisafirishwe baharini, na hata baada ya hapo walivushwa kwa magendo usiku. Aliyefika hapa na kamba shingoni naye alikuwa na moyo, na akiubwaga kwa maana ya kukata tamaa sina mdomo wa kumkatalia. Maana zote mbili zinaweza kuishi ndani ya jina moja.

Ninachokataa ni kusema kila aliyefika Bagamoyo kwa miguu alikuwa mtumwa. Bandari kubwa ya watumwa kwenye mrima, yaani pwani hii ya bara, ilikuwa Kilwa. Biashara kubwa ya Bagamoyo ilikuwa pembe za ndovu, zilizotakiwa Ulaya na Marekani kwa vitufe vya piano na mipira ya biliadi. Na pembe hizo, sehemu kubwa, zilibebwa na watu wa ujira, Wanyamwezi na Wasukuma, waliopatana malipo yao kabla ya kunyanyua mzigo. Walikuja kwa maelfu kila msimu, wengine na wake zao na watoto, wakapiga kambi pembezoni mwa mji wakisubiri mzigo wa kurudi nao. Wakati wao mji ulifurika. Tukiwaita wote watumwa tunawanyang'anya kazi yao, na ilikuwa kazi ya ustadi, kazi ya fahari.

Mnyamwezi wa Kanyenye:

Mkuu Mwana wa Dunda, umenigusa. Mimi ni wa Tabora. Kwetu wazee walikuwa wakisema zamani kijana asiyefika pwani hakuhesabiwa mwanaume kamili, hata kuoa ilikuwa tabu. Babu wa babu yangu alifika huko mara mbili, ndivyo tulivyopokea. Ya kwanza alirudi na kitambaa na shanga, ya pili alirudi na Uislamu. Jina lake la kuzaliwa likabadilika na ukoo wetu mpaka leo unaitwa kwa jina alilolipata pwani. Sijawahi kufika Bagamoyo. Endelea tafadhali, usiruke kitu.

Mwana wa Dunda:

Ahsante sana mkuu wa Kanyenye. Fungu hili nakuandikia wewe.

Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kama frasila mbili. Frasila ni ratili 35, kwa hiyo kilo 32 hivi, na hapo hujahesabu mkeka wake, chungu chake, kibuyu cha maji na silaha yake. Vitambaa vilikunjwa na kusokotwa vikawa kitu kirefu kigumu kinachokaa vizuri begani, kikafungwa kamba. Kitu hicho kiliitwa mtumba. Ndiyo, mtumba ule ule. Ukienda mnadani Jumapili kuchagua shati la mitumba, unatumia jina la mzigo wa mpagazi. Ndani yake mlikuwa na merikani, kitambaa cheupe kilichoitwa hivyo kwa kuwa kilitoka Marekani, au kaniki nyeusi. Mzigo usiobebeka na mtu mmoja ulitundikwa kwenye mti na kubebwa na wawili, huo ni mzigaziga. Likariri neno hilo, nitalirudia.

Msafara ulitanguliwa na kirongozi aliyeshika bendera. Neno hilo ni ndugu wa neno kiongozi tunalolitumia kwa mawaziri. Chini yake kulikuwa na wanyapara, na mnyapara leo yupo kwenye kila kikosi cha wajenzi na kila gereza. Chakula cha njiani kiliitwa posho. Leo posho inalipwa kwenye semina hotelini, lakini ilianza kama kibaba cha mtama.

Na kuna hongo. Msafara ukiingia nchi ya mtemi, hasa kule Ugogo ambako maji ni ya visima na visima vina wenyewe, ulilipa ushuru wa kupita: vitambaa kadhaa, masango ya waya, shanga. Ushuru huo ndio uliitwa hongo. Haikuwa dhambi, ilikuwa haki ya mwenye nchi. Ni baadaye neno likachafuka. Kila nikisikia mtu amekamatwa kwa hongo nawakumbuka watemi wale waliokuwa wakilinda visima vyao.

Kiswahili chenyewe kilipanda na watu hawa. Kilitoka hapa kikafika Mpwapwa, Tabora, Ujiji, kikavuka ziwa mpaka Kongo, kikiwa kwenye midomo ya watu waliochoka jioni wakizunguka moto.

Nahodha wa Kipumbwi:

Nipo. Nyongeza ndogo kutoka upande wa Pangani. Kwetu pia misafara ilitoka, ikielekea kaskazini Umasaini na Kilimanjaro. Saadani nayo ilikuwa na njia yake. Lakini njia ya Bagamoyo ndiyo iliyokuwa barabara kuu, hilo halina ubishi. Na wenye mji wa Bagamoyo ni akina nani hasa mkuu? Maana kila mtu anadai.

Mwana wa Dunda:

Mzee wangu nahodha, swali hilo linaweza kufunga uzi, lakini nalijibu kama nilivyolelewa. Washomvi ndio waliokuwa na mji wa pwani, na majumbe wao walikuwa wakipokea ada kwenye biashara. Simulizi za wazee zinasema walitoka kaskazini, Barawa ya Somalia na pande hizo, na kwamba Wakamba walipovamia pwani Washomvi waliokolewa na Wazaramo, wakafungamana kwa ahadi ya kuwapa Wazaramo sehemu ya mapato ya pwani. Nyuma ya mji kuna Wakwere, Wadoe, Wazigua. Wakaja Waarabu wa Oman na Wabaluchi askari wao. Wakaja Wahindi, na huyu mmoja namtaja kwa jina, Sewa Haji, aliyekuwa akiandika wapagazi na kuandaa misafara. Alifariki 1897, na jina lake bado liko kwenye jengo la Sewa Haji pale Muhimbili. Ongeza Wanyamwezi waliobwaga na kutokurudi. Ongeza Wamanyema. Ongeza walioachwa huru misheni. Sisi ni wajukuu wa hao wote, na nyumba moja ya Bagamoyo inaweza kuwa na makabila matano kwenye sinia moja la wali.

Binti Magomeni:

Kaka, umetaja Wamanyema halafu umepita. Usipite hapo. Mimi ni wa Magomeni ya Bagamoyo, na bibi yangu hakukubali mjukuu wake yeyote amalize kukua bila kulijua jina la Sheikh Ramiya. Naomba niliandike mimi.

Jina lake kamili Sheikh Yahya bin Abdallah, Ramiya ni jina alilojulikana nalo. Alitoka Manyema, mashariki ya Kongo, akaletwa Bagamoyo akiwa mtoto, akiwa mtumwa, akaingia nyumba ya Mwarabu mkubwa wa mji. Alikuja na njia hiyo hiyo mnayoieleza, ila yeye hakupatana ujira na mtu. Baadaye akawa huru, akafanya biashara, na akasoma. Alisoma mpaka mashekhe wakamsomea. Akawa khalifa wa tarika ya Kadiria, na watu wa bara na visiwani wakaja kuchukua ijaza, yaani idhini ya kufundisha, kwake. Alifariki 1931, kaburi lake lipo hapa mjini, na kila mwaka kuna ziara. Wanakuja kwa mabasi na malori, mji unajaa mpaka watu wanalala barazani, zikri inasikika mpaka baharini.

Nikiwa na miaka saba bibi alinishika mkono kwenye msongamano ule akaniambia, "Huyu aliletwa na kamba. Waone sasa wanaomfuata." Sijapata kusahau mkono wake ulivyonibana. Kwa hiyo mkiongea habari ya nani aliubwaga moyo, ongezeni na waliouokota.

Mwana wa Dunda:

Dada, Mwenyezi Mungu amrehemu bibi yako. Nimeisoma mara tatu. Ningeandika mimi isingekuwa na uzito huo.

Leo nina fungu refu, vumilieni. Ni la mnara wa misheni.

Mapadri wa Roho Mtakatifu walitoka Unguja wakaingia Bagamoyo 1868, padri Antoine Horner akiwa mmoja wao. Wakanunua watumwa wakawaachia huru, wakawajengea kijiji, wakapanda miembe ambayo mpaka leo inatoa kivuli kwenye njia ya kwenda kanisani. Kanisa la kwanza ni la 1872. Lilibaki mnara wake, na kila mgeni anaonyeshwa mnara ule kama Mnara wa Livingstone, kwa sababu maiti yake ililala hapo usiku wa tarehe 24 Februari 1874.

Sasa niulize, maiti ilifikaje?

Livingstone alifariki tarehe 1 Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, leo ni Zambia. Aliokuwa nao walikuwa Waafrika peke yao. Wakuu wao walikuwa Abdullah Susi, mtu wa Shupanga, Msumbiji, na James Chuma, Myao aliyewahi kukatwa minyororo ya utumwa akiwa kijana. Alikuwepo Jacob Wainwright aliyejua kusoma na kuandika. Alikuwepo Halima, mpishi. Hakuna aliyewaamuru chochote. Wangeweza kumzika pale, wakagawana vitu, kila mtu akashika njia yake, na dunia isingejua.

Wakakaa wakashauriana. Wakaamua apelekwe kwao. Wakauzika moyo wake na matumbo chini ya mti, Wainwright akasoma sala na kuchonga jina kwenye gome. Mwili wakautia chumvi, wakauanika juani siku 14, wakauzungushia kitambaa, wakautia ndani ya gome la mti lililobanduliwa zima, juu wakashonea turubai la tanga. Kisha wakaufunga kwenye mti mrefu, ukabebwa na watu wawili. Mzigaziga. Hawakuwa na namna nyingine ya kubeba kitu kizito, wakambeba kama walivyobeba kila kitu.

Walitembea miezi. Unyanyembe, karibu na Tabora kwenu mkuu wa Kanyenye, wakamkuta Mwingereza Cameron aliyekuwa anakuja kumsaidia Livingstone. Aliwashauri wamzike pale pale, njia ya mbele ni mbaya. Wakakataa. Mzungu aliona ni busara kuacha, watumishi wakasema hapana, anafika pwani.

Mbele ya Unyanyembe wakakuta watu hawataki maiti ipite nchini kwao. Hapo ndipo ninapowavulia kofia. Walikata mabua ya mtama, wakayafunga kwa urefu wa mtu, wakayavika sanda, wakawatuma wenzao warudi nayo Unyanyembe kama wanaopeleka maiti kuzikwa. Wale walipofika msituni wakayatupa mabua moja moja huku na huku, wakarejea usiku kwa wenzao. Na mwili halisi? Waliutoa kwenye gome, wakaufunga upya ukawa mfupi, wakauzungushia kitambaa kama mzigo wowote wa bidhaa. Mtumba. Kila aliyewaona njiani aliona wapagazi na mtumba wa nguo.

Ndivyo alivyofika Bagamoyo. Kesho yake meli ya kivita ya Kiingereza ikamchukua mpaka Unguja. Waliomleta walilipwa ujira wao wakaambiwa kazi imekwisha. Wainwright peke yake ndiye aliyepanda meli na jeneza mpaka Uingereza. Susi na Chuma walipelekwa baadaye mwaka huo huo, mazishi ya Westminster Abbey ya tarehe 18 Aprili yakiwa yamekwisha kupita.

Nikipita pale mnarani jina ninaloliona kichwani ni Susi.

Jicho la Chalinze:

Mkuu, nimesoma hii nikiwa kwenye basi nimepitiliza kituo. Mabua ya mtama sikuyajua kabisa. Mimi nilikuwa najua "watumishi waaminifu" basi, kama vile walitumwa.

Swali langu la mwisho: mji wenye mambo haya yote ulianguka vipi? Maana mimi nikija sasa naona utulivu mkubwa, magofu, watalii wachache, na chuo cha sanaa.

Mwana wa Dunda:

Uliangushwa na kile kile kilichouinua, pwani ya kina kifupi.

Kampuni ya Wajerumani iliingia kuchukua forodha Agosti 1888, pwani nzima ikawaka. Abushiri bin Salim alianzia Pangani kwa mzee nahodha, Bwana Heri akasimama Saadani, na Bagamoyo ikapigwa na kuungua. Mei 1889 Wissmann, kamanda wa Wajerumani, akaivamia kambi ya Abushiri karibu na mji wetu, na Desemba mwaka huo akamnyonga Pangani. Bagamoyo ikafanywa makao makuu ya utawala. Lakini meli zao zilikuwa zinatia nanga mbali kabisa, kila sanduku linashushwa kwenye mashua, kisha mabegani. Dar es Salaam ina bandari ya kina, imejificha kama mfukoni. Mwaka 1891 makao makuu yakahama. Bado Boma la hapa lilijengwa 1897, kwa hiyo hawakuuacha mji moja kwa moja.

Kilichommaliza mpagazi ni reli. Ilianza kujengwa Dar mwaka 1905, ikafika Kigoma 1914. Safari ya miezi ikawa ya siku. Hakuna aliyewafukuza wapagazi wa Bagamoyo, msimu mmoja walikuja wachache, msimu mwingine wachache zaidi, na kambi zikaota nyasi.

Chuo unachokisema kilianza 1981, sasa ni TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, na ngoma zake zinatuita jioni. Usikiweke kwenye habari ya kuanguka.

Na kuna mtu mmoja wa enzi hiyo nisingependa uzi huu upite bila yeye. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwana wa mji huu. Alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili. Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichochapishwa 1903, sehemu kubwa ni kalamu yake: namna tunavyozaa, tunavyooza, tunavyozika, tunavyoagana na msafara. Alioa mwanamke wa Kijerumani. Mwaka 1905 akapanda naye meli aje naye kwao, na serikali ya kikoloni ikawazuia wasishuke. Fikiria umeiona pwani yako kwa macho, minazi unaijua mmoja mmoja, na huruhusiwi kukanyaga. Akarudi Ujerumani, akafia Berlin 1927. Huyu moyo wake hakupata pa kuubwaga.

Nahodha wa Kipumbwi:

Pole kwa yote hayo mwanangu. Umesema babu yako alikuwa fundi mashua. Ufundi bado upo hapo Bagamoyo, au umekufa?

Mwana wa Dunda:

Upo, mzee wangu, ila mafundi wanahesabika.

Babu hakuwa na karatasi. Alilaza mkuku, ule uti wa mgongo wa chombo, mchangani juu ya magogo, akasimamisha mataruma, yaani mbavu zake, na kipimo chake kilikuwa kiganja na jicho. Miti ya mataruma aliitafuta ikiwa imepinda yenyewe, alikuwa akitembea shambani kwa watu akitazama matawi kama mtu anayetafuta ndugu yake sokoni. Tezo lake lilikuwa na mpini ulioingia shimo la vidole vyake. Kutoboa alitumia keekee, ile ya kamba na upinde, mkono mmoja unavuta na kurudisha, na vumbi la mbao linatoka laini kama unga wa muhogo. Kazi yangu mimi mtoto ilikuwa kalafati. Unasokota pamba, unaichovya mafuta, unaishindilia kwenye nafasi za mbao kwa patasi butu na nyundo, taratibu, maana ukiacha tundu la sindano bahari italiona. Jioni babu alipita na kiganja chake juu ya kila mshono, kimya. Akisimama mahali, najua hapo narudia.

Siku ya kushusha chombo alifika mtaa mzima kuvuta kamba. Yeye alikaa pembeni chini ya mti wa mkungu, hakuvuta. Alikuwa anasikiliza mbao.

Mnyamwezi wa Kanyenye:

Mkuu, nimeshazungumza na mama na kaka zangu. Tunakuja mwezi ujao, watu wanne. Tunataka kuingia mjini kwa miguu, angalau kilomita chache za mwisho, kama alivyoingia mzee wetu. Tuanzie wapi, na tuje lini?

Mwana wa Dunda:

Karibuni sana, nyumbani kwenu hapa.

Njooni siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, karibu na mwezi mpevu au mwezi mwandamo. Kama mama anaweza kutembea, anzieni upande wa Ruvu asubuhi mapema jua halijawa kali, kama hawezi atapanda bajaji na sisi tutatembea. Mtapita mashamba ya chumvi, kisha mjini, Boma mtaliona, msisimame hapo kwanza. Nyoosheni mpaka jengo la forodha la zamani, ufukweni. Ikifika saa nne hivi maji yatakuwa yamekupwa mpaka mbali, na mnada wa samaki wa asubuhi utakuwa haujaisha. Nitakuwa kwenye ngazi nawasubiri, na dada wa Magomeni amesema atakuja na vitumbua.

Viatu vaeni vya kuvulika upesi. Mtapenda kuingia majini.